Hoja za Tetekuwanga Zinagongana Zenyewe

Mtoto akiamka na vipele vya maji kifuani, mama hupewa ushauri hata kabla hajauliza. Mama mkwe ana wake, muuza duka la dawa ana wake, na kwenye simu kuna sauti ya mtu asiyejitambulisha anayeahidi kuiondoa tetekuwanga kwa siku tatu. Nimezisikiliza hoja hizo kwa makini. Ninyi wasomaji mmezisikia pia, kwa hiyo sitazisimulia kwa kirefu. Nitaitaja kila hoja kama wenyewe wanavyoisema, bila kuipunguzia nguvu, kisha niipime. Hukumu ni yenu.

Kabla ya hapo, kuna mambo yasiyo na ubishi. Tetekuwanga huletwa na kirusi kiitwacho varisela-zosta. Kikishaingia kwa njia ya hewa hukaa mwilini siku 10 hadi 21 bila mtu kujua, kikizaliana na kusambaa kwa damu, ndipo homa na vipele vijitokeze. Vipele huja kwa mafungu. Kile kilichokuwa alama nyekundu asubuhi, jioni kimejaa maji maangavu mfano wa tone la umande juu ya ngozi iliyoiva, na siku inayofuata kimeanza kusinyaa huku vingine vipya vikichomoza pembeni yake. Mtoto mmoja huweza kupata kati ya 250 na 500. Kama ana afya njema, vipya hukoma baada ya siku nne au tano, na kufikia juma moja karibu vyote vimeshafanya vigaga. Shikeni hesabu hiyo ya siku, maana hoja mbili tatu za upande wa pili zinaanguka hapo hapo.

Hoja ya kwanza ni ya maji. Wanasema mtoto asiogeshwe, kwa sababu upele ukiguswa na maji "unarudi ndani" na kumuua. Wanaoisema hawatungi tu. Wamewahi kuona mtoto akiogeshwa leo na kesho yake kuamka amejaa vipele na homa imepanda. Lakini kirusi kimekuwa ndani ya mwili huo kwa muda wa majuma mawili, na vipele vimetoka huko huko ndani. Aliyeogeshwa siku ya pili akazidiwa siku ya tatu, angezidiwa siku ya tatu hata kama hakuona tone la maji, kwa kuwa ndizo siku za mafungu mapya.

Na tazameni wanachoshauri baada ya kupiga marufuku maji: chemsha majani ya muarobaini, acha yapoe, mwogeshe. Je, hayo si maji? Kama maji huurudisha upele ndani, basi ya muarobaini nayo yataurudisha. Kama ya muarobaini hayaurudishi, basi hata ya bomba hayaurudishi. Mwenye hoja achague upande mmoja.

Pamoja na katazo hilo huja blanketi. Mtoto afunikwe gubigubi, dirisha lifungwe, "vitoke vyote". Fikirini mtoto wa miaka mitatu, mwezi wa Machi Dar es Salaam, ndani ya blanketi, ana homa. Anatoka jasho, anawashwa, anajikuna. Shikeni mkono wake mwangalie chini ya kucha: kuna weusi wa mchanga na mabaki ya chakula. Kucha hiyo ndiyo inayopasua kipele na kuacha uchafu wake humo. Madhara yanayowapata watoto wengi zaidi katika tetekuwanga ni maambukizi ya bakteria yanayoingia kupitia vidonda vya namna hii, na ngozi isiyooshwa kwa siku saba huyakaribisha. Kwa hiyo mtoto aogeshwe kila siku kwa maji ya uvuguvugu, bila dodoki na bila kusugua, akaushwe kwa kugusagusa na khanga laini, akatwe kucha ziwe fupi kabisa, avalishwe nguo nyepesi ya pamba. Losheni ya kalamaini ipakwe juu ya vipele vinavyowasha, mbali na macho na mdomo. Haiui kirusi. Inapoza tu, na kupoza ndiko tunakokutaka.

Kuna wengine wanaosema kinyume chake kabisa: vipele vikaushwe haraka. Hawa huleta spiriti, majivu, dawa ya meno, na ile dawa ya zambarau inayoacha mtoto amechorwa mwili mzima. Inashangaza kwamba mara nyingi mshauri ni yule yule aliyetuambia jana kwamba vipele visaidiwe kutoka. Vitoke au vikaushwe? Spiriti huunguza ngozi iliyo wazi, na mtoto mdogo aliyepakwa mwili mzima huweza kuivuta mwilini. Majivu huingiza uchafu kidondani. Rangi ya zambarau nayo hufunika ngozi, na wekundu unaosambaa kuzunguka kidonda, ambao ni dalili ya hatari inayotakiwa kuonekana mapema, hauonekani tena.

Ya kuogopwa zaidi katika kundi hili ni tyubu ya krimu. Muuza duka huitoa kabatini kwa uhakika: ina dawa tatu ndani, ya fangasi, ya bakteria na ya muwasho, kwa hiyo haiwezi kukosea. Niseme haki yake: muwasho hupungua kweli, na mama huridhika usiku ule ule. Kinachoupunguza ni steroidi, na steroidi hufanya kazi kwa kuituliza kinga ya mwili pale inapopakwa. Lakini kinga hiyo ndiyo inayopambana na kirusi, na hakuna kitu kingine ndani ya tyubu kinachoweza kushika nafasi yake. Dawa ya fangasi haina fangasi wa kuua. Dawa ya bakteria haikigusi kirusi. Steroidi za kunywa ni hatari zaidi, na mtoto anayezitumia kwa ajili ya pumu au figo akipata tetekuwanga, au akikaa karibu na mwenye nayo, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Mzazi asizikatishe kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa kuwa kuziacha ghafla nako kuna hatari zake.

Sasa nije kwenye hoja yenye wafuasi wengi kuliko zote, ile ya antibayotiki. Inasemwa hivi: "Wangu alipewa dawa ya unga ya kuchanganya na maji, akachomwa na sindano, siku ya tano akapona." Nakubali kila neno la ushahidi huo. Alipewa, alichomwa, na siku ya tano alipata nafuu. Ninachokataa ni neno "kwa sababu" linalopenyezwa katikati. Rudini kwenye hesabu niliyowaomba mshike. Asiyepewa chochote naye hupata nafuu karibu na siku ya tano. Dawa inayoanzwa siku ya pili na kupewa sifa siku ya tano imechukua sifa ya kinga ya mtoto mwenyewe. Shahidi wa namna hii angeweza kumfunga mtoto kitambaa chekundu mkononi akapata matokeo yale yale.

Antibayotiki huua bakteria. Virusi havina viungo ambavyo dawa hizo hushambulia, na kipimo kikiongezwa hakibadilishi hilo. Kuna gharama pia: kuharisha, mzio, na bakteria wa mwilini wanaozoea dawa kiasi kwamba siku mtoto atakapopata nimonia ya kweli dawa ile haitafaa. Wenye hoja hujibu kwamba wanatoa "kwa tahadhari", bakteria wasije wakaingia. Basi wakate kucha na kumwogesha, jambo ambalo hoja ya kwanza ililikataza. Ni vigumu kuheshimu tahadhari inayoanza kwa sindano na kukataa sabuni.

Hata hivyo zipo siku ambazo antibayotiki ni haki ya mtoto, na kuinyima ni kosa. Ngozi ikianza kuwa nyekundu kuzunguka kidonda na wekundu huo ukapanuka, ikawa ya moto na kuuma ikiguswa, usaha ukatoka, au homa iliyokwisha kushuka ikarudi siku ya nne au ya tano, hapo bakteria wameshaingia. Mtoto aende kituo cha afya, si dukani. Apelekwe pia kama anapumua kwa shida, anatapika mfululizo, ana usingizi usio wa kawaida, anayumba akitembea, au shingo imekakamaa. Kirusi hiki huweza kushambulia mapafu na ubongo. Ni mara chache, lakini hutokea.

"Homa ni homa, mpe dawa yoyote ya homa." Hoja hii inasikika kuwa ya busara na ndiyo inayoweza kuua haraka kuliko zote. Mwaka 1963 daktari wa Sydney, Ralph Douglas Reye, alieleza ugonjwa wa watoto ambao ubongo huvimba na ini kujaa mafuta baada ya maradhi ya kawaida ya virusi. Baadaye ilibainika kwamba wengi wa waliougua walikuwa wamepewa aspirini wakati wa mafua au tetekuwanga. Marekani iliripoti wagonjwa 555 mwaka 1980. Wazazi walionywa, pakiti zikaandikwa tahadhari, na kufikia kati ya 1994 na 1997 hawakuripotiwa zaidi ya wawili kwa mwaka. Uingereza iliacha kuwapa aspirini watoto wa chini ya miaka 12 mwaka 1986, kisha ikapandisha umri huo hadi 16. Kwetu, vidonge vya maumivu vya pakiti ndogo huuzwa hadi gengeni, na baadhi yake vina aspirini bila mnunuzi kujua. Geuzeni pakiti msome.

Wanaoepuka vya kiwandani wakakimbilia mafuta ya mbegu za muarobaini ya kunywa hawajaikimbia hatari hiyo. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo wakapata hali inayofanana na ugonjwa wa Reye. Kuogea majani na kunywa mafuta ni mambo mawili tofauti, na jina la mti halipunguzi sumu. Ibuprofeni nayo iachwe wakati wa tetekuwanga, kwa kuwa imehusishwa na maambukizi makali ya bakteria kwenye ngozi. Inayobaki ni parasetamoli: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150. Chupa nyingi zina miligramu 120 katika mililita 5, lakini si zote, kwa hiyo kibandiko kisomwe kila mara.

Kuna hoja mpya kidogo, nayo ina chembe ya ukweli: ipo dawa inayopambana na kirusi chenyewe, hospitali wanatunyima. Dawa ipo kweli, ni asaiklovia. Majaribio kwa watoto wenye afya yalionyesha kwamba ikianzwa ndani ya saa 24 tangu kipele cha kwanza, homa hupungua kwa takribani siku moja na vipele hupungua kiasi. Hayakuonyesha kwamba inazuia madhara makubwa kwao wala kwamba inazuia kuambukiza wengine. Kwa sababu hiyo mtoto mdogo mwenye afya hapewi kwa kawaida. Anayepewa, tena haraka, ni mtoto mchanga aliye hatarini, mwenye kinga dhaifu, mwenye saratani, mara nyingi kijana aliyevuka miaka 12, na mtu mzima. Krimu yake inayopakwa midomoni haitibu tetekuwanga, hata ikipakwa mwili mzima.

Nimeichelewesha hoja inayonisumbua zaidi: "Ni ugonjwa wa watoto, sote tumeupata, mwache acheze na wenzake wote waupate mara moja." Wanaoisema wana sababu. Aliyeugua mara moja kwa kawaida haugui tena, na utotoni ugonjwa huwa mwepesi zaidi kuliko ukubwani. Sehemu hiyo ni sahihi. Kosa liko kwenye "sote".

Katika nchi za baridi, kabla ya chanjo, karibu kila mtu aliugua kabla ya kubalehe. Katika nchi za joto mambo hayako hivyo. Watu wengi huupata wakiwa vijana au watu wazima, kwa hiyo kati yetu wapo walimu, wauguzi na wajawazito wengi wasio na kinga. Mtoto anayepelekwa kucheza "aupate" anapita mlangoni kwao. Takwimu za Marekani za kabla ya chanjo zinaonyesha tofauti ya umri: kati ya umri wa mwaka 1 na 14 alikufa takribani mgonjwa 1 kwa kila 100,000, na kati ya miaka 30 na 49 walikufa takribani 25. Ugonjwa unaoitwa wa watoto huua zaidi wazazi wao.

Mjamzito asiye na kinga akiugua anaweza kupata nimonia kali. Akiugua katika nusu ya kwanza ya ujauzito, kuna uwezekano mdogo lakini wa kweli wa mtoto kuzaliwa na makovu, kiungo kilichodumaa au macho yaliyoharibika. Akipata vipele kati ya siku tano kabla ya kujifungua na siku mbili baada yake, mtoto huzaliwa amebeba kirusi lakini hajapata kinga kutoka kwa mama. Zamani, kabla ya tiba, hadi asilimia 30 ya watoto hao walifariki. Mama huyo anaweza kuwa jirani yenu wa chumba cha pili, mnayetumia naye uwanja mmoja na kamba moja ya kuanikia. Katika nyumba moja, watu 9 kati ya 10 wasio na kinga huambukizwa. Watoto wanaoishi na virusi vya UKIMWI bila dawa nao huugua vibaya, na hali zao hazijaandikwa usoni. Anayempeleka mwanawe akaambukizwe kwa makusudi hana namna ya kujua nani mwingine yumo chumbani.

Hoja hii ina mpasuko mwingine. Inadai kwamba ukishaupata umemaliza nao. Kirusi hakiondoki. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu na miaka mingi baadaye huweza kuamka kama mkanda wa jeshi, na majimaji ya vipele vya mkanda wa jeshi yanaweza kumpa tetekuwanga mtoto asiye na kinga. Babu mwenye mkanda wa jeshi afunike vidonda vyake kabla ya kumpakata mjukuu.

Wapo pia wanaosema kipele chochote chenye maji ni tetekuwanga, hivyo hakuna haja ya kumwonyesha mtu. Tangu homa ya nyani, yaani mpox, ithibitishwe Kenya mwaka 2024 na Tanzania mwaka 2025, kauli hiyo haifai tena. Vipele vya tetekuwanga huwa vya hatua mbalimbali kwa wakati mmoja, hujaa zaidi kifuani na mgongoni, na ni nadra viganjani. Vya mpox katika sehemu moja ya mwili hukua kwa pamoja, ni vigumu na vya kina, hutokea hadi viganjani na nyayoni, na tezi huvimba. Mganga mzoefu naye huweza kukosea. Nchini Kongo wagonjwa waliodhaniwa kuwa na mpox walipopimwa, baadhi yao walikutwa na tetekuwanga, na wengine na vyote viwili. Mwenye mashaka apeleke mtoto apimwe.

Kuhusu shule nitasema kidogo. "Homa imeisha, arudi darasani." Kipimo si homa. Mtoto huambukiza siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza hadi cha mwisho kifanye kigaga. Mwalimu anayemrudisha nyumbani mwenye vipele vibichi hamnyanyapai.

Hoja ya mwisho: kama ugonjwa huu ungekuwa wa maana, chanjo yake ingekuwa kwenye kadi ya kliniki. Chanjo ilitengenezwa na Michiaki Takahashi wa Osaka na kutangazwa mwaka 1974. Marekani ilianza kuitoa kwa watoto wote mwaka 1995. Kabla ya hapo, kila mwaka huko waliugua watu wapatao milioni 4, zaidi ya 10,000 walilazwa, na 100 hadi 150 walikufa. Baada ya chanjo vifo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Uingereza, ambayo kwa miaka mingi ilisita, ilitangaza mwaka 2025 kwamba itaanza kuitoa Januari 2026.

Kukosekana kwake kwenye kadi zetu hakumaanishi kwamba ugonjwa ni mdogo. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi iiingize kwenye ratiba endapo tu inaweza kudumisha uchanjaji wa asilimia 80 au zaidi. Ikifikia watoto nusu tu, kirusi hupungua lakini hakiishi, na waliokosa hukikuta wakiwa wakubwa, wakati kinapokuwa kikali. Hiyo ni hoja ya namna ya kupanga chanjo ya taifa zima. Familia moja moja inaweza kuipata katika baadhi ya hospitali binafsi kwa kulipia, dozi mbili. Wa kuiulizia kwanza ni mwenye mgonjwa wa kinga dhaifu nyumbani, kwa kuwachanja wale wenye afya wanaomzunguka, na mwanamke ambaye hakumbuki kuugua na anatarajia kuzaa. Aulize kabla ya kushika mimba, na baada ya kuchanjwa asubiri angalau mwezi mmoja, kwa kuwa chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa na haitolewi kwa mjamzito.